Kishi iliyotoa maji: kisa cha oda moja ya Tabata

Oda ilikuwa ya kishi mbili za mchicha na uyoga, yaani pai za wazi za mayai na maziwa, kwa ajili ya chai ya saa nne katika ofisi moja ya Posta, mwezi Februari. Mpishi ni binti wa mama yangu mdogo, kwa hiyo ni mdogo wangu. Anapika vitafunwa vya oda nyumbani kwake Tabata, Dar es Salaam: sambusa, katlesi, mkate wa kumimina, keki ndogo za vikombe. Kishi alikuwa ameianza karibuni, baada ya wateja kuiulizia. Asubuhi hiyo zilitoka kwenye oveni zimeumuka vizuri na juu zimepiga rangi ya dhahabu. Akazifunga kwenye maboksi na kumkabidhi kijana wa bodaboda. Kabla ya saa tano mteja akatuma picha kwa WhatsApp na ujumbe mfupi wenye adabu: "Dada, samahani, hii imeiva kweli?" Kwenye picha kipande kilikuwa kimekaa ndani ya maji kwenye sahani, na unga wa chini umebaki kwenye foili.

Alirudisha hela bila kubishana. Kisha akafanya kile ambacho karibu kila mpishi hufanya anapoona chakula kimelegea: akaongeza vitu. Mayai yakatoka matatu hadi sita, wanga wa mahindi ukaingia vijiko viwili, muda wa oveni ukarefushwa. Kishi ya pili ikatoka ngumu, inavutika mdomoni, imejaa harufu ya mayai, na bado inatoa maji. Hapo ndipo aliponipigia simu.

Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu nimeona wapishi wazuri wa hapa mjini wakiiacha kishi wakiamini kwamba ni chakula cha hotelini, kwamba kina siri fulani, au kwamba maziwa yetu hayafai. Si kweli. Kishi inayotoa maji haiponi kwa kuongezewa kitu. Inapona kwa kupunguziwa: maji yapungue kwenye mboga, moto upungue kwenye oveni, mvuke upungue kwenye boksi.

Kwa ambaye hajaipika, kishi ni pai ya wazi, haina mfuniko wa unga. Ni ganda la unga na siagi, na ndani yake mayai yaliyopigwa pamoja na maziwa au krimu, yanaokwa mpaka yagandane. Iliyo maarufu kuliko zote ni ya Lorraine, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, na vitu vyake ni vichache: mayai, krimu, vipande vya nyama ya nguruwe iliyovutwa moshi, chumvi, pilipili manga, na mara nyingi kungumanga kidogo. Wenye kushikilia mila huko hata jibini hawatii. Ukiitazama orodha hiyo utaona haina mboga hata moja. Krimu yao nzito ina mafuta ya asilimia 35 hivi, wakati maziwa ya ng'ombe ya kawaida ni karibu asilimia 87 maji. Nyama nayo inakuwa imeshakaangwa. Kishi ya asili, basi, karibu haina maji ya ziada.

Sisi tumeipokea, tukaondoa nguruwe, tukapunguza krimu kwa sababu ya bei, tukatia mchicha, uyoga, hoho, nyanya na maziwa ya kawaida. Sioni ubaya, na kusema kweli naipenda zaidi hii ya mboga. Lakini kila badiliko kati ya hayo limeleta maji, na upishi haukubadilishwa ili uyapokee. Video aliyoifuata mdogo wangu inaonyesha mchicha mbichi ukikatwa na kumwagwa moja kwa moja kwenye ganda. Nikamwonyesha pishi ambalo Kasri la Buckingham lilitangaza Aprili 2023 kwa ajili ya sherehe za kutawazwa kwa Mfalme Charles III, kishi yenye spinachi. Pale spinachi ni gramu 180, na imeandikwa kwamba iwe imeshapikwa. Ganda linaokwa kwanza peke yake kwenye moto wa nyuzi 190, kisha oveni inashushwa hadi 160. Mambo yote matatu yaliyomwangusha mdogo wangu yapo pale, kila moja katika mstari wake mfupi ambao ni rahisi kuupita.

Tulichokiona kwenye bakuli jeupe

Nilimwomba asiitupe ile kishi ya pili. Ilipopoa tuliikata, tukaweka vipande kwenye bakuli jeupe na kusubiri. Nasisitiza weupe wa bakuli, maana rangi ya maji ndiyo ushahidi mkubwa katika kisa hiki. Yalikuwa maji ya aina mbili. Yaliyochuruzika pale penye mchicha yalikuwa ya kijani iliyofifia, yana chumvi. Yaliyotoka kwenye upande wenye mayai matupu, karibu na ukingo, yalikuwa maangavu yenye umanjano kidogo, sawasawa na yale yanayojitenga maziwa yakikatika. Na upande huohuo mayai yaliyoganda yalikuwa na vitundu vidogo vidogo vingi.

Ganda nalo lilikuwa na habari zake. Ukingo wa juu ulikuwa mkavu na mgumu. Chini lilikuwa la kijivu, linanata kwenye kidole, na limenywea upana wa kidole kizima kutoka pembeni mwa foili, kiasi kwamba mayai yalipita nyuma yake na kuungua.

Kwa hiyo hapakuwa na tatizo moja. Yalikuwa matatu, yenye sababu tofauti, na yeye alikuwa anayatibu yote kwa mayai.

Maji ya kijani

Mchicha mbichi ni karibu asilimia 90 maji. Uyoga na nyanya zinazidi hapo. Jani likipata moto linalegea na kuachia maji yake, na chumvi inazidi kuyavuta. Kila anayepika mchicha anajua jinsi sufuria iliyojaa pomoni inavyobaki na kiganja kimoja. Kwenye sufuria iliyo wazi maji hayo yanapanda na mvuke, hatuyahesabu. Ndani ya kishi hayana pa kwenda: juu mayai yanaganda, chini kuna unga. Yanabaki katikati, yanayalegeza mayai na kulilowesha ganda.

Tulichukua mchicha wa kiasi kilekile alichoweka kwenye kishi moja, mafungu mawili. Tukauosha, tukaukata, tukautia kwenye kikaango kipana bila mafuta wala mfuniko, na chumvi kidogo. Uliponywea tukauacha upoe kwenye chujio, kisha tukaukamua kwa kitambaa safi cha kukamulia tui. Yalitoka maji ya kuzidi nusu kikombe, bila kuhesabu yaliyokwisha kupanda na mvuke. Kumbuka kwamba maziwa ya kishi nzima yalikuwa nusu lita. Mdogo wangu alikitazama kile kikombe, akasema, "Kumbe, dada, mayai yote yale niliyaongeza yapigane na haya." Ndivyo ilivyokuwa.

Uyoga unataka uvumilivu zaidi. Utandaze kwenye kikaango cha moto mkali, usiurundike, usiufunike, na chumvi itie mwishoni. Mwanzoni utaona unaelea kwenye maji yake na sauti ya jikoni ni ya kuchemka. Usiutoe hapo. Endelea mpaka maji yakauke na sauti igeuke kuwa ya kukaanga, na vipande vianze kupata wekundu pembeni. Hapo ndipo umekuwa tayari, na ladha yake imekolea kuliko kiungo chochote ambacho ungeongeza. Vitunguu na hoho vikaange hadi vilegee. Kamba wa soko la samaki la Feri, ambao kwangu mimi ndio kishi bora kabisa ya mji huu, wapitishe kwenye kikaango kwa dakika mbili tatu tu, wachuje, supu yao iweke kwa ajili ya wali. Samaki wa kuvuta moshi hana shida ya maji, shida yake ni chumvi, kwa hiyo muonje kwanza kabla hujatia chumvi kwenye mayai.

Maji maangavu

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu kishi inaweza kutoa maji hata isipokuwa na mboga ndani. Ute wa yai huanza kuganda kwenye joto la nyuzi 62 hivi, kiini baadaye kidogo. Ukiyachanganya na maziwa, kiwango kinapanda, na mchanganyiko hushikana vizuri unapokaribia nyuzi 80. Ukipita 85 hivi, protini za mayai zinazidi kujikaza, na zikijikaza zinayakamua nje maji zilizokuwa zimeyashika. Ndiyo yale maji maangavu, na ndivyo vile vitundu. Mpika tui anaielewa hofu hii tayari: tui likichemka kwa fujo linakatika, na halirudi.

Kuhakikisha, tulipiga mayai na maziwa bila mboga, tukagawa kwenye vibakuli viwili vidogo. Kimoja kikaokwa kwenye moto wa 200 kama alivyokuwa anafanya, kingine 160. Cha kwanza kiliumuka, kikapendeza, kikaporomoka kilipotolewa, na chini yake maji yakajikusanya. Cha pili hakikuumuka kabisa. Kilibaki bapa, laini, na kijiko kilipokata hakikuacha hata tone. Mdogo wangu alikuwa akiuchukulia ule uumukaji kuwa dalili ya mafanikio, kwa sababu ndivyo keki inavyotufundisha. Kwenye kishi, kuumuka juu sana katikati ni dalili kwamba maji ndani yamegeuka mvuke, na hapo umechelewa.

Oveni yake ni ya umeme, ile ndogo ya mezani, yenye nondo za moto karibu kabisa na chakula. Tulitundika kipimajoto cha oveni ndani, tukakuta kitasa kikisema 180 ndani imepita 200. Hili ni jambo la kawaida kwa oveni ndogo, na kipimajoto hicho ndicho kifaa ambacho ningemwambia mtu anunue kabla ya bati zuri, kabla ya mashine ya kupigia, kabla ya chochote. Mwenye jiko la gesi lenye oveni ya chini ana tatizo la kinyume, moto unatoka chini tu: ganda lake huiva vizuri, juu hubaki peupe. Hapaswi kuongeza moto kwa sababu ya weupe huo, kwani kishi nyeupe juu iliyoiva ndani ni kishi nzuri.

Kuhusu hesabu ya mayai, alikuwa pungufu kidogo kweli. Kipimo kinachofaa ni yai moja kubwa, lenye gramu 50 hivi bila ganda, kwa kila mililita 120 za maziwa. Nusu lita inataka mayai manne. Matatu ni machache kidogo, sita ni mengi mno. Ukitumia mayai ya kuku wa kienyeji, ambayo rangi yake inaipendezesha sana kishi, yapime kwa mizani badala ya kuyahesabu, maana ni madogo na manne yake hayafikii manne ya kisasa.

Wanga wa mahindi tuliuacha kabisa. Unashika maji, ni kweli, lakini unaipa kishi ulaini wa uji, na unaficha makosa ambayo bado yapo.

Maziwa na mafuta

Maziwa matupu yanafaa kama moto ni mpole. Krimu inasaidia kwa sababu mafuta yake yanakaa katikati ya protini na kuzizuia zisijikaze haraka, hivyo anayeweka krimu anajinunulia dakika kadhaa za usalama. Nusu maziwa nusu krimu ni mwafaka ninaoupenda. Asiye na krimu na anayechemsha maziwa yake mwenyewe akusanye malai yanayoganda juu na kuyapiga pamoja na maziwa. Kwa kishi ya kamba, tui zito la kwanza badala ya krimu linafanya kazi vizuri na ladha yake ni ya kwetu. Kwa mchicha na jibini silipendi, utamu wa nazi na uchachu wa jibini haviendi pamoja.

Ganda, katika joto la Februari

Siagi huanza kulainika mapema na huyeyuka kabisa kati ya nyuzi 32 na 35. Mchana wa Februari Dar es Salaam unafika 32, na jiko la Tabata lenye paa la bati na oveni iliyowashwa linapita hapo. Maana yake ni kwamba siagi iliyowekwa mezani "ilainike kidogo", kama video ilivyoagiza, hapa inakuwa mafuta. Mafuta yakishaingia kwenye unga mzima hakuna tena vipande vya siagi vya kuyeyuka ndani ya oveni na kuacha nafasi, na ganda halivunjiki mdomoni. Mdogo wangu aliona unga umekuwa na mafuta mengi, akaongeza maji, kisha akaukanda sana kama wa chapati. Kukanda ndiko kunakoipa chapati uvutikaji wake mzuri, na ndiko kunakolifanya ganda la kishi lijivute na kunywea kwenye oveni.

Tulichofanya ni hiki. Unga gramu 250, siagi gramu 125 iliyotoka kwenye friza ikiwa ngumu, chumvi nusu kijiko cha chai. Siagi ikapitishwa kwenye kikwaruzio, upande wa matundu makubwa, moja kwa moja juu ya unga, ikachanganywa kwa ncha za vidole haraka. Kiini kimoja cha yai, kisha maji ya baridi sana, kijiko kimoja cha chakula baada ya kingine, vitatu au vinne. Unakoma pale unga unaposhikana ukiubana kwenye kiganja, hata kama unaonekana bado una chembechembe. Usikande. Bonyeza uwe bapa, ufunge, uweke friji nusu saa. Ukifika wakati wa kusukuma, fanya asubuhi na mapema kama unaweza, na baada ya kuutandika kwenye bati urudishe friji tena.

Kuna wanaotumia majarini ya kupikia pekee kwa sababu inavumilia joto na bei yake ni nafuu. Inafanya ganda linalofaa, ila ladha inapungua. Nusu siagi nusu majarini ni suluhisho ninalolikubali kwa miezi ya joto kali. Samli siipendekezi hapa: haina maji yale machache yaliyomo kwenye siagi, na ganda lake hupukutika kabla kisu hakijaligusa.

Kisha ganda liokwe kwanza, peke yake. Hatua hii mdogo wangu hakuifanya kabisa, na ndiyo sababu kubwa ya ule ukijivu wa chini. Unga mbichi ukimiminiwa maziwa unakunywa maziwa, na oveni ya 160 haitaweza kuukausha tena. Toboa chini kwa uma, tandaza karatasi ya kuokea, mwaga maharage makavu yafike ukingoni ili yazuie unga kuinuka na pembeni kuporomoka. Oka kwa nyuzi 190, dakika 15 hadi 20, toa karatasi na maharage, rudisha dakika nyingine nane au kumi mpaka chini pakauke na kupata rangi ya biskuti. Likiwa bado la moto lipake ute wa yai na ulirudishe dakika mbili. Ute ukiganda unaziba vile vitobo. Maharage yake weka kwenye kopo kwa ajili ya siku nyingine, hayaliwi tena.

Bati nalo lina sehemu yake. Alikuwa akitumia trei za foili nyembamba kwa sababu mteja anaondoka nazo. Foili peke yake haihifadhi moto wa kutosha kulikausha ganda. Trei ile ile ukiiweka juu ya bati zito lililopata moto ndani ya oveni tangu mwanzo, mambo yanabadilika, chini panaiva. Hilo lilimwezesha kuendelea na trei zake bila kununua mabati mapya.

Kuoka, kupoza, kusafirisha

Kwa bati la sentimita 24, lenye kina cha tatu na nusu hivi: mayai manne, maziwa mililita 250, krimu mililita 250, chumvi, pilipili manga, kungumanga kidogo, jibini iliyokwaruzwa gramu 100, na mboga zilizokwisha kupikwa na kukamuliwa gramu 200 hivi. Mayai yapigwe taratibu, povu halitakiwi. Mboga na jibini chini, mchanganyiko umiminwe ganda likiwa limeshaingizwa kwenye oveni, ili usiumwage njiani. Nyuzi 160, kati ya dakika 35 na 45.

Kuitoa kwa wakati ndiko kugumu, na hapa lazima macho yajifunze. Ukiligonga bati kidogo, ukingo unapaswa kutulia kabisa, na katikati, eneo la upana wa kikombe cha kahawa, patikisike kwa pamoja bila kupiga mawimbi. Itoe hapo hapo. Moto uliobaki ndani utamalizia. Mdogo wangu ilimuuma sana kuitoa ikiwa inatikisika, baada ya mteja kumuuliza kama imeiva. Akachoma kipimajoto cha chakula katikati kikasoma 77, akaamini.

Umeme ukikatika katikati ya kuoka, usifungue mlango. Oveni iliyokwisha kushika moto inaweza kuimaliza kishi iliyobakiza kidogo, kwa sababu kiwango cha kugandia kiko chini ya 80. Lakini kama bado ni maji katikati na saa nzima imepita, hiyo si ya kuuzwa.

Halafu boksi. Kishi za oda ya kwanza zilifungwa za moto. Mvuke ukapanda kwenye mfuniko, ukageuka matone, ukarudi chini, na safari ya Barabara ya Mandela kwenye foleni ikamalizia kazi. Kishi ipoe juu ya waya, hewa ipite chini yake, angalau dakika 45 kabla ya kukatwa, na isifungwe hadi chini ya bati pasiwe na uvuguvugu. Lakini upande wa pili wa jambo hili ni wa afya na sitaki uchukuliwe kirahisi: chakula cha mayai na maziwa hakipaswi kukaa nje zaidi ya saa mbili, na hewa ikizidi nyuzi 32, saa moja. Kwa mji wetu hiyo ni karibu miezi kadhaa ya mwaka. Kwa hiyo njia anayoitumia sasa ni kuoka jioni, kupoza, kuweka friji usiku, na kuisafirisha ya baridi kwenye kontena la barafu. Mteja anaipasha kwa moto mdogo wa 150, dakika 15. Kwenye maikrowevu ganda linarudi kulegea, na hilo analiandika kwenye karatasi anayobandika juu ya boksi.

Baada ya hapo alimpigia yule mteja wa Posta, akamwomba ruhusa ya kumpelekea kishi moja bila malipo, mchicha na uyoga kama ile ya kwanza. Aliituma ya baridi, na maelezo ya kupasha moto. Jibu lilikuja na picha ya sahani kavu na oda ya nyingine tatu. Mimi nilifurahi zaidi na picha ya upande wa chini wa kipande, aliyonitumia mdogo wangu mwenyewe kutoka jikoni kwake: ganda rangi ya biskuti kutoka ukingo hadi ukingo.

Bei imepanda kidogo kwa sababu ya krimu, na amewaeleza wateja sababu. Mayai yamerudi manne. Kishi ya nyanya ameiondoa kwenye orodha yake, ingawa ndiyo iliyokuwa ikiulizwa sana, kwa sababu hata nyanya zilizotolewa mbegu na kutiwa chumvi bado zinaachia maji zikikaa friji usiku kucha. Anayeitaka anaambiwa aje kuila pale pale siku inapookwa.